Pini ya baketi imegoma kutoka, tajiri anasema tuongeze nyundo

SWALI

Shikamoo Fundi. Mi ni operata wa ekskaveta ya tani 20, niko huku Mbarali tunachimba na kusafisha mifereji ya mashamba ya mpunga, yaani mashine inashinda kwenye maji na tope, baketi inazama kutwa nzima. Sasa baketi tunayotumia imepasuka chini na meno yamekwisha, tukaletewa nyingine ile pana ya kusafishia mfereji, kwahiyo kazi ilikuwa ni kuchomoa pini mbili tu, kubadilisha baketi na kuendelea. Pini ya linki, kile chuma kinachounganisha baketi na silinda yake, tuligonga kidogo ikaja yenyewe. Hii ya pili, inayoshika baketi na mkono wa mashine, imejamu kabisa, haisogei hata nywele.

Tumetoa bolti ya kuzuia, tumemwagia dizeli, tumegonga kwa zamu na nyundo kubwa mpaka kichwa cha pini kimefumuka. Jana kuna kipande cha chuma kimeruka kikampata utingo wetu kwenye mkono, tukamkimbiza zahanati wakaosha wakashona, leo anasema panauma kwa ndani na pamevimba. Sasa kila mtu ana ushauri wake. Tajiri anapiga simu kutoka Dar anasema tutafute nyundo kubwa zaidi. Operata mwenzangu wa mashine ya jirani anasema aje aigonge pini kwa baketi lake, eti dakika moja tu. Na kijana wa kuchomelea anataka aichome pini na gesi mpaka iwe nyekundu ndo tugonge.

Alafu kinachoniumiza zaidi, tajiri anasema gharama za pini na bushi atanikata kwenye mshahara maana operata ndo mwenye jukumu la kupiga grisi. Fundi, grisi iliisha muda mrefu, nimemwomba kwa WhatsApp mara nyingi tu, meseji zipo, kila siku ananiambia subiri. Nisaidie maana kazi imesimama na mwenye mradi hataki kusikia.

Operata, Mbarali

JIBU

Marahaba mdogo wangu, pole na kazi.

Kabla ya pini tuongelee huyo utingo. Chuma kinachoruka kwenye nyundo mara nyingi kinaingia kwenye nyama kwa tundu dogo sana na kinabaki humo humo, ukiangalia kwa nje unaona kidonda kidogo kimeshonwa basi. Kama panauma kwa ndani na pamevimba mpelekeni hospitali yenye eksirei leo, msisubiri kesho, na mwambieni daktari wazi kwamba ni kipande cha chuma cha nyundo, na muulize kama alichomwa sindano ya pepopunda. Hii ni ajali ya kazini, tajiri anatakiwa kuitolea taarifa kule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, sio suala la huruma yake. Na hicho kipande kingepanda kidogo tu juu tungekuwa tunaongelea jicho. Pini ya baketi imekomazwa uso wake kwa moto kiwandani, na uso wa nyundo nao ni mgumu, vyuma viwili vigumu vikikutana kwa nguvu kimoja kinamegeka na kuruka. Ndo maana hatugongi pini moja kwa moja, tunaweka kipande cha shaba au chuma laini katikati, na kila aliyekaribu anavaa miwani ya kazi, sio anayegonga peke yake.

Sasa wekeni nyundo chini. Nasema hivi kwa sababu mpaka hapo mlipofika nyundo imeshaanza kuwaharibia, hicho kichwa kilichofumuka kimekuwa kinene kuliko tundu, hata pini ikilegea saa hii haitapita. Cha kwanza kabisa chukueni grainda msage huo mdomo uliofumuka mpaka upande wote urudi kwenye kipimo cha pini au chini yake kidogo. Mkiwa hapo angalieni na upande wa pili, kuna pini zina bamba au kola iliyochomelewa upande mmoja, hizo zinatoka njia moja tu, nimeona watu wanashinda kutwa wanasukuma pini upande ambao haiwezi kwenda.

Tajiri wako na huyo mwenzako wote wanafikiria nguvu. Swali la kujiuliza ni pini imeshika wapi. Inapita sehemu tatu, sikio moja la baketi, yaani bamba lake lenye tundu, bushi iliyo kwenye ncha ya mkono, yaani kile kipande cha bomba ambacho pini inazungukia ndani yake, na sikio la pili. Inaweza kuwa imeshika kwenye bushi, au kwenye sikio moja, au kote, na dawa yake inatofautiana.

Kuna namna ya kujua. Tandika mbao nene au magogo chini maana kwenye tope la Mbarali baketi itazama tu, kalisha baketi juu yake ikae flati, imetulia. Hiyo linki iliyobaki inaning'inia ifunge kwa mnyororo isije ikampiga mtu. Chora mstari wa chaki unaoanzia kwenye uso wa pini unaendelea mpaka kwenye sikio. Kisha we panda juu, sogeza mkono kidogo sana, mbele na nyuma, sentimita chache tu, mwenzako anaangalia chaki akiwa mbali na akiwa pembeni, asisimame kwenye njia ambayo pini inatokea. Kama mstari umebaki umenyooka, pini inaenda pamoja na sikio, basi kwenye bushi iko huru na tatizo liko kwenye masikio. Kama mstari umekatika, yaani pini inazunguka pamoja na mkono na sikio limebaki, basi imeshika kwenye bushi. Kama baketi nzima inanyanyuka na kuinama pamoja na mkono bila kitu kuzunguka, imeshika kote. Na huko kusogeza kwenyewe ni dawa, kunavunja kutu taratibu, kwahiyo sogeza, weka oili, sogeza tena.

Jambo lingine ambalo watu wengi wanalipuuza ni uzito. Kama mkono unaikandamiza baketi au unainyanyua hata kidogo, pini imebanwa kwa uzito wa tani kadhaa na hakuna nyundo itakayoitoa. Tazama nafasi kati ya pini na tundu kama inaonekana, au uwazi ulio kati ya sikio na mkono, cheza na levu polepole mpaka pasiwe panabana juu wala chini. Hapo ndo zima injini, washa swichi bila kuwasha injini uchezeshe levu presha ya haidroliki iishe, toa ufunguo ukae nao mfukoni mwako. Weka magogo pande zote za baketi kwa sababu pini ikitoka baketi inaweza kupinduka, na hakuna kuingiza mguu wala vidole kwenye tundu kuangalia kama yamelingana. Vidole vinakatwa hapo.

Baada ya hapo jaribu grisi yenyewe. Fungua nipeli, ile chuchu ndogo ya kuingizia grisi, ikiwa imeziba weka mpya, bei yake ni ndogo, alafu funga pampu ya grisi ya mkono upige. Pampu ya mkono inaweza kutoa presha ya maelfu ya psi, kwahiyo grisi inaweza kusukuma tope na kutu nje hata pale ambapo nyundo imeshindwa. Ukiona imeanza kuchungulia upande mmoja hiyo ni habari njema, endelea. Ila kama mpira wa pampu unavuja usiuzibe kwa mkono, grisi ya presha inapenya ngozi na kuingia ndani, tundu linakuwa dogo kama la sindano na mtu anadhani hamna kitu, kumbe anahitaji kufanyiwa upasuaji haraka, akichelewa anaweza kupoteza kidole au mkono.

Dizeli mliyomwaga sio mbaya ila haipenyi sana. Changanya asetoni na oili ya gia otomatiki nusu kwa nusu, tikisa kila unapotumia kwa sababu zinajitenga, dondoshea kwenye uwazi kati ya sikio na mkono pande zote mbili, uache usiku mzima, asubuhi uongeze. Mchanganyiko huo unawaka vibaya mno, kwahiyo siku ya kuweka hiyo hakuna moto wala grainda pale, na siku ya moto mnafuta mnakausha kwanza, pamoja na hiyo dizeli.

Tukija kwenye moto, kijana wa kuchomelea ana wazo nusu. Moto unasaidia, ila sio kwenye pini. Chuma kikipata joto kinatanuka, ukichoma pini inanenepa ndani ya tundu na kubana zaidi. Unachotakiwa kuchoma ni kile kilicholizunguka tundu, sikio la baketi au ncha ya mkono kulingana na chaki ilivyokwambia. Tundu la mm 80 ukilipandishia joto nyuzi 200 linatanuka karibu mm 0.2, na hiyo kwa kazi hii ni nafasi kubwa sana, pini iliyoshikwa na kutu haihitaji zaidi ya hapo. Zungusha moto taratibu pande zote, usikae sehemu moja. Kabla ya kuanza sugua kipande cha sikio king'ae ili uone rangi, kikianza kugeuka manjano iliyofifia uko kwenye nyuzi 220 hivi, kikiwa bluu ni kama 300, hapo inatosha kabisa, simama. Chuma cha sikio au cha mkono hakitakiwi kufika kwenye wekundu, kinapoteza ugumu wake na kesho tundu litakuwa linavutika kama ugali.

Na hapa nisikilize vizuri. Kabla ya kuwasha moto TOA NIPELI. Ndani kuna grisi na maji yamefungiwa, yakichemka bila njia ya kutokea presha inapanda mpaka kitu kinapasuka, na kinachoruka ni nipeli au grisi inayowaka usoni kwa mtu. Funika mipira ya haidroliki na fimbo ya silinda iliyo karibu kwa magunia yaliyolowa, moshi wa sili na oringi, yaani mipira ya kuzuia maji na oili, zinazoungua usiuvute, weka mtungi wa kuzimia moto karibu na mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia tu.

Joto likiwa tayari ndo unasukuma, na kusukuma kwenyewe mi napenda kuvuta kuliko kugonga. Mafundi wa malori na wa mashine kubwa pale Mbeya mjini waulize jeki ya haidroliki yenye tundu katikati, ya tani 30 au 50. Unachukua kipande cha bomba nene ambalo pini inaweza kuingia ndani yake, unakiegemeza kwenye sikio, jeki inakaa juu yake, fimbo nene yenye nyuzi inapita katikati na inashika pini. Pini nyingine zina tundu lenye nyuzi usoni, safi kabisa. Kama haina, fimbo inachomelewa, ila pini hii ni chuma kigumu, ukiichomelea baridi inapasuka pembeni ya weldi na fimbo inaondoka kama risasi. Ipashe joto kwanza, tumia vijiti vya kuchomelea vya 7018 vilivyokauka, acha ipoe polepole yenyewe, usimwagie maji. Fimbo ifungwe na mnyororo, na wakati jeki inavuta asiwepo mtu nyuma yake. Pandisha presha, acha ikae, choma sikio, gonga sikio taratibu kwa pembeni, sio pini, ongeza presha. Mara nyingi inatoa mlio mmoja mkubwa wa kuachia, alafu inaanza kuja milimita kwa milimita.

Jeki ikikosekana, tafuta shafti ya zamani ya mm 80 hivi yenye urefu wa mita moja na nusu, hiyo ina kama kilo 60. Itundike ilale kwa minyororo kwenye miguu mitatu imara ilingane na pini, muivute kwa kamba kutoka pembeni na kuiachia igonge kipande cha chuma laini mlichoegemeza kwenye pini, chembamba kidogo kuliko tundu. Uzito ule unapiga mnyoofu na unasukuma, wakati nyundo ya mkono mara nyingi inafumua uso tu. Hiyo ndo nguvu ninayoikubali. Habari ya ekskaveta nyingine kuja kugonga kwa baketi, mkatalie, tena mkatalie kwa sauti. Operata haoni anachogonga, pigo linakuja kwa upande, linapinda pini ndani ya bushi, linapasua ncha ya mkono, na mtu aliyeshikilia kile chuma cha katikati hana pa kukimbilia. Akipatikana mtu wa kusema "dakika moja tu" muulize nani atashika hicho chuma.

Mkichomelea kitu chochote kwenye mashine, toeni nyaya za betri na chomoeni kompyuta ya mashine kama inafikika, na ethi ya weldi, ule waya wa kurudisha umeme, ifungwe kwenye kitu kile kile mnachochomelea, karibu kabisa. Ukiifunga kwenye chasi umeme unapita kwenye bushi, silinda na ile bearingi kubwa ya kuzungukia, unaunguza vitu vya mamilioni kwa ajili ya pini.

Ikifika hapo imegoma bado, kubalini kuipoteza pini. Mwambie tajiri hivi, pini ndo rahisi kuliko vyote, inafuata bushi, inafuata sikio la baketi, na ghali kuliko vyote ni mkono. Kwahiyo kila unapokata, kata cha rahisi uokoe cha ghali, na baketi yenyewe unasema imeshapasuka. Fundi mzuri wa gesi anaweza kutoboa pini katikati kwa urefu, alafu mnaiacha ipoe kabisa, ikipoa inasinyaa na kuachia tundu, na hapa ndo yule kijana wako angekuwa na kazi ya maana. Au mnaikata kwenye ule uwazi kati ya sikio na mkono, pande zote mbili, baketi inaachana na mashine, vipande vilivyobaki mnavishughulikia mkiwa mmetulia, hata kwa kubeba baketi kwenda kwa mafundi wa kuchonga pale SIDO Mbeya. Anayekata asiguse ncha ya mkono, weka bamba jembamba kuikinga kama nafasi inaruhusu.

Kuhusu mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukukata tu kwa sababu kitu kimeharibika. Lazima uharibifu uwe umetokana na kosa lako, uwe umekubali kukatwa kwa maandishi, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi na amekipataje, akupe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Wewe uliomba grisi ukaambiwa subiri na meseji unazo, hilo kosa sio lako hata kidogo na usikubali kusaini karatasi yoyote inayosema vinginevyo. Meseji zipige picha uzitunze sehemu nyingine nje ya simu hiyo. Ongea naye kwa adabu kwanza, mpigie hesabu ya ndoo moja ya grisi na hesabu ya mashine kusimama siku hizi zote, matajiri wengi wanaelewa hesabu. Akikata kwa nguvu, peleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, wana ofisi Mbeya, na usikae nayo muda mrefu kwa sababu malalamiko yana ukomo wa siku.

Pini ikishatoka usikimbilie kufunga mpya siku hiyo hiyo hata kama mwenye mradi anapiga kelele. Osha tundu, pima kwa kalipa juu chini na kushoto kulia, ukikuta limekuwa yai ujue bushi mpya italegea na kuzunguka ndani ya mkono, hapo unahitaji mtu wa kuchonga tundu palepale kwenye mashine, sio kujaza weldi na kusaga kwa grainda. Kama tundu ni zima, bushi mpya ilaze kwenye friza usiku mzima, asubuhi pasha ncha ya mkono joto kidogo, itaingia bila vita. Weka oringi mpya pande zote mbili maana hizo ndo zinazuia maji. Grisi chukua ile yenye molibdeni asilimia 3 hadi 5, na kwa kazi ya kwenye maji usingoje ratiba ya kitabu, piga kila siku, na piga jioni ukishatoa baketi majini ili maji yaliyoingia yatoke kabla mashine haijalala, piga mpaka uone grisi safi inachungulia pande zote. Andika kwenye daftari tarehe na saa za mita, na siku ambayo grisi haipo andika haipo, piga picha ukurasa huo umtumie tajiri jioni hiyo hiyo.